Mbembelezaji wa Mchana

Alama ilikuwa kwenye kisigino. Nyekundu, nyembamba, imejipinda kidogo, na mtu yeyote aliyewahi kufinywa na ndugu yake utotoni angeijua bila kuambiwa. Ukucha.

Mshonaji alimgeuza mwanawe kwenye mwanga wa mlangoni, akaisugua ile alama kwa kidole gumba akidhani ni uchafu tu. Haikutoka. Mtoto alikuwa bado ana kwikwi za kilio. Alikuwa amelala muda wa kushona kola moja, tena kola yenyewe haijageuzwa, akaamka kwa ukelele mmoja mkali kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Ameamka tena?" wifi yake aliuliza kutoka uani.

"Ameamka."

Jambo la kisigino hakulisema. Alilimeza, likakaa.

Mtoto huyo baba yake alimbandika jina la Chiriku, kwa kuwa hakuwa na breki ya mdomo. Neno hata moja hajui, lakini anaongea: na kijiko, na nzi, na vifungo vya gauni la mama yake. Usiku, akiwa katikati ya baba na mama, hakuwa na shida, alilala fofofo mpaka kunakucha. Kasheshe ilikuwa mchana. Akilazwa asubuhi, anaamka kabla usingizi haujakolea. Akilazwa adhuhuri, hivyo hivyo. Halafu kutwa nzima analialia, macho mekundu, hataki kubebwa, hataki kuwekwa chini.

Na huo mchana ndio mama yake alikuwa anautafuta kwa tochi. Alikuwa anashona sare za shule, kazi anaifanyia nyumbani, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili katika safu ya vyumba vya kupanga, ua mmoja, bomba moja. Chumba cha mbele kilikuwa sebule, kiwanda cha ushonaji, na mahali pa kulala wifi, vyote kwa pamoja. Cha nyuma kilikuwa na kitanda, kabati, na mlango wa kutokea uani. Katikati, pazia.

Wifi alikuwa dada mkubwa wa mume. Alikuja mtoto alipozaliwa, kusaidia saidia, akabaki. Mikono yake haikutulia, mdomo wake haukufunguka. Kuhusu maisha yake mshonaji aliambiwa jambo moja tu: ndoa ilimshinda, akarudi kwao.

Kliniki, muuguzi alimsikiliza mshonaji mpaka mwisho, akacheka kidogo.

"Mama, mtoto wako haumwi. Usingizi wa mtoto mdogo umekatwa vipande. Kipande kimoja kikiisha, anashtuka. Akijua kuunga, anaendelea kulala. Asipojua, ndiyo hayo makelele. Sasa wewe msaidie kuunga. Chumba kiwe na giza. Kaa karibu naye kabla hajashtuka. Akianza kujinyonganyonga, usimnyanyue. Mwekee mkono kifuani, mpigepige taratibu, mwambie shhh. Atazoea."

Kuunga vipande! Mshonaji alitoka pale anatabasamu peke yake njiani. Kama kuna kitu alikijua duniani, ni kuunga vipande.

Siku hiyohiyo alitundika kitambaa kizito dirishani, akamlaza mtoto, akakaa ukingoni mwa kitanda. Wifi alikuwa sokoni. Chiriku alipoanza kujinyonganyonga, mama aliweka mkono. Puu, puu, puu. Shhh. Macho ya mtoto yalifunguka nusu, yakafunga. Akaunga! Mshonaji alitoka kwa ncha za vidole, akashona marinda mpaka mgongo ukamuuma kwa raha.

Kesho yake wifi alikuwepo nyumbani. Mshonaji alikaa kitandani vilevile, akamuunga mtoto usingizi, akarudi kwenye cherehani. Hajatia hata uzi kwenye sindano, ukelele. Alipoingia, mtoto alikuwa peke yake, mlango wa uani umerudishwa tu bila komeo. Akakifunua kisigino. Alama mbili.

Siku zilizofuata alianza kuhesabu mambo ambayo zamani hakuyaona. Wifi akienda kwa rafiki yake, mtoto analala. Wifi akiwa uani anafua, mtoto anaamka. Wifi anaimba akifua, na ule wimbo hukatika kidogo kabla ya ukelele. Mshonaji alianza kumtazama yule mwanamke akila, akisuka nywele, akimbeba Chiriku na kumnusa utosini kwa muda mrefu kupita kiasi. Alimtazama mpaka akawa anamwota.

Basi akatega. Kile kioo kirefu cha wateja kujitazamia alikisogeza taratibu, akakiegemeza ukutani mpaka kikawa kinaangalia mwanya wa pazia. Akakaa kwenye cherehani na kukanyaga pedali bila kitambaa, taka-taka-taka, ili nyumba nzima ijue anashona.

Kwenye kioo aliona mlango wa uani ukifunguka kidogo, mwanga ukaingia, na wifi akaingia pekupeku, mikono ina povu. Alisimama. Hakumtazama mtoto. Alitazama upande wa mto, mahali patupu, na midomo yake ikacheza kama mtu anayemtukana mwenzake kwa sauti ya chini. Kisha akapitisha mkono chini ya shuka, miguuni.

Ukelele.

Mshonaji alilivuta pazia kwa nguvu, likabaki mkononi.

"Unamfinya mwanangu!"

Wifi hakuruka, hakukana. Povu lilikuwa linamdondoka vidoleni.

"Nimemfinya."

"Kwa nini? Nimekukosea nini mimi? Kakukosea nini huyu?"

"Wifi, nisikilize." Alishusha sauti, akatupa jicho kitandani. "Mwache alale kidogo kidogo. Mchana, kidogo kidogo kunamtosha. Usimuunge."

"Nisimuunge? Unanichungulia sasa?"

"Nakuomba tu."

Mshonaji alimkumbatia Chiriku, akasema neno ambalo baadaye angetoa kidole chake kulirudisha. "Kama wewe hukujaliwa wa kwako, usiniharibie wangu."

Wifi alifumba macho, akayafumbua. Alifuta povu kwenye khanga, akakunja godoro lake, akafunga nguo zake kwenye shuka, akaondoka kabla hata nguo alizofua hazijakauka kambani.

Mume, ambaye alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, aliporudi na harufu yake ya chuma kilichoungua, alisikia habari yote amesimama. Mshonaji alitegemea atafoka, au amtetee dada yake. Hakufanya lolote. Alinawa mikono muda mrefu.

"Dada ana mambo yake," alisema mwishowe.

"Mambo gani?"

"Mambo yake tu, mama Chiriku. Nipe chakula."

Alama mpya ya kuuliza ikaota moyoni mwa mshonaji, safari hii juu ya mume. Lakini aliisahau upesi, maana Chiriku alianza kulala.

Alilala, jamani. Asubuhi analazwa, anaunga, anaunga tena. Adhuhuri inamkuta palepale. Sare zikapanda mezani zikiwa zimekunjwa na kupigwa pasi, na mshonaji akawa anakunywa chai yake ikiwa ya moto, jambo alilokuwa amelisahau. Alimsifu yule muuguzi kwa kila mteja. Aliwaza namna alivyomvumilia nyoka ndani ya nyumba, akashukuru amemfukuza mapema.

Kilichomtia shaka kwanza ni ukimya. Siku moja aliingia chumbani kumtazama mtoto, akamkuta macho yamefunguka. Hakulia, hakuita. Amelala chali, mikono imenyooshwa ubavuni, anatazama juu, kama mtu aliyeambiwa asisogee. Mama alipomwinua hakugeuka kumtazama. Kijiko kilipita mbele yake, nzi akapita, vifungo vikapita, Chiriku hakuwa na la kuwaambia.

Kisha harufu. Alidhani ni kitambaa cha dirishani kimeshika unyevu, akakifua, akakianika. Harufu ikabaki. Ilikuwa ya maziwa ya mama yaliyoganda kwenye nguo iliyofungiwa sandukuni miaka mingi, na ilikuwa upande wa mto tu. Kisha mizani. Kliniki muuguzi alimpima mtoto, akampima tena, na safari hii hakucheka. "Amepungua. Ananyonya?" Ananyonya, mshonaji alijibu, na ni kweli, lakini alinyonya kwa adabu, kama mgeni aliyekwisha kula alikotoka.

Akarudi nyumbani, akaanza kushuku kila kitu. Alishuku maziwa yake. Alishuku maji ya bomba. Alimshuku wifi kwamba ameacha kitu uvunguni, akapindua godoro, akafagia, hakukuta hata utando wa buibui.

Siku ya mwalimu ndiyo iliyommaliza. Mwalimu huyo alikuja asubuhi kujaribu suti yake, mwanamke mcheshi, mnene, hachoki kusema. Chiriku alikuwa amelala nyuma. Mshonaji alipiga magoti nyuma ya mwalimu anapunguza kiuno, pini zimejaa mdomoni, na mwalimu akawa anasimulia habari za mkuu wa shule kwa sauti ya gwaride.

Kutoka nyuma ya pazia, sauti ya mwanamke ikasema, "Shhh! Ndiyo kwanza amelala."

"Ooh, samahani, dada," mwalimu akanong'ona, akajiziba mdomo. Kisha akacheka kwa chini. "Kumbe una pacha, fundi? Sauti yako na yake hakuna wa kutofautisha."

Mshonaji hakujibu, kwa sababu pini zilikuwa bado mdomoni, zote, amezibana kwa meno, na alikuwa anasikia kwa masikio yake mawili, mchana kweupe, watoto wa jirani wakicheza uani na mwalimu akipumua mbele yake, ule mkono uliokuwa unapigapiga kifua cha mwanawe ndani ya chumba kisicho na mtu, puu, puu, puu, taratibu, kwa mwendo uleule aliofundishwa na muuguzi, ule ambao yeye mwenyewe aliufanya siku baada ya siku ukingoni mwa kitanda kile bila kujiuliza ni nani mwingine anayetazama na kujifunza.

Alitema pini sakafuni, akaingia.

Giza la kitambaa lilimpokea pamoja na harufu. Chiriku alikuwa chali, mikono ubavuni. Kando yake, upande wa mto, godoro lilikuwa limebonyea, bonde la mtu mzima aliyelala kiubavu, bega, nyonga, goti lililokunjwa, na mshonaji akiwa amesimama pale, lile bonde likaanza kujaa polepole, kwanza bega, kisha nyonga, kama mtu anayejiinua kwa uangalifu asimwamshe mtoto.

Alimrukia mwanawe. Hakunyanyuka. Mtoto aliyekuwa amepungua kwenye mizani alikuwa mzito kama gunia lililolowa, na mama alivuta kwa mikono miwili, akavuta akiweka goti kitandani, mpaka kitu kikaachia ghafla na wote wawili wakaanguka kwenye kabati.

Mwalimu aliondoka na suti yenye pini. Mshonaji alikaa juani katikati ya ua, mtoto kifuani, mpaka mume akarudi.

"Nieleze habari za dada yako," alimwambia kabla hajavua viatu. "Leo. Zote."

Mume alichuchumaa. Alitazama mikono yake yenye makovu ya cheche.

"Dada alikuwa na mtoto," alisema. "Wa kike. Alikuwa halali mchana, kisha akaanza kulala. Siku moja akalala, hakuamka. Dada akawa anawaambia watu kuna mtu alikuwa anambembeleza. Wakasema amerukwa na akili. Mumewe akamrudisha nyumbani." Alisugua kovu moja kwa kidole. "Alipokuja hapa nilimwapisha. Nilimwambia, hayo usimwambie mke wangu. Utamtia hofu bure."

"Kwa hiyo mlikubaliana mimi nisijue."

"Nilidhani ni huzuni tu, mama Chiriku. Nilidhani ni huzuni."

"Kamlete."

Wifi alikuja usiku uleule, godoro kichwani, kama mtu aliyekuwa amekaa tu anasubiri kuitwa. Mshonaji alikuwa ameandaa maneno ya kuomba msamaha, lakini alipomwona yakamgeukia mdomoni.

"Ni wewe umemleta?"

"Na mimi najiuliza hivyohivyo kila siku," wifi alijibu. Hakukasirika. "Sijui kama ananifuata mimi au anafuata vichanga. Usiku haji, maana usiku mtoto mmemweka katikati. Mchana ndiyo mtoto analala peke yake. Kipande cha kwanza cha usingizi hawezi kumgusa. Ni cha pili. Mtoto akivuka cha kwanza bila kuamka, ni wake."

"Ndiyo maana ukawa unamfinya."

"Wangu nilimwacha alale," wifi alisema. "Nilifurahi alivyolala."

Mshonaji alimshika mkono, na hilo likatosha kwa usiku ule.

Mganga aliyeletwa na mume alikuwa mwanamume mnene mwenye kikohozi, koti limembana. Aliposikia habari alikataa kuja usiku. "Mnayemtaka haji usiku. Nitakuja kufanya nini, kuwaangalia mkikoroma?" Alikuja adhuhuri. Aliwasha ubani kwenye kigae, akamwambia mshonaji amlaze mtoto kama kawaida.

"Siwezi."

"Lazima huyo mbembelezaji aje ili nimtoe. Mlaze."

Alimlaza. Walikaa ukutani, mganga, mume, wifi na yeye, wakaangalia kipande cha kwanza cha usingizi kikipita. Chiriku alishtuka kidogo, akajinyonganyonga, na mama alijishika mapaja asiende. Moshi wa ubani, uliokuwa ukipanda wima, uliinama. Ulizunguka kitu kando ya mtoto, ukaacha umbo tupu katikati, bega, nyonga, mkono ulionyooka.

Puu, puu, puu.

"Wewe," mganga alisema. "Huyu ana mama yake."

"Shhh," sauti ya mshonaji ilijibu kutoka kitandani, wakati mshonaji mwenyewe amejiziba mdomo kwa viganja. "Ndiyo kwanza amelala."

"Ana mama yake. Ondoka."

"Mama yake ana kazi."

Wifi aliinua kichwa aliposikia hayo, na mshonaji akajua, bila kuuliza, kwamba si mara ya kwanza mwanamke yule kuyasikia. Mganga alianza kusoma maneno yake, haraka haraka, kikohozi kikiyakata, moshi ukawa unapindapinda kama nguo inayokamuliwa, na uzito ukashuka chumbani mpaka kitanda kikalia, na mtoto akawa haonekani kupumua, na mume akaanza kulia kama mtoto, na mshonaji akaona hawezi tena, akatoka ukutani, akapitisha mikono ndani ya ule moshi uliokuwa baridi kama maji ya mtungi, akamlalia mwanawe kifudifudi akipiga kelele zote alizokuwa nazo: "Sina kazi! Sina kazi! Sina kazi!"

Mlango wa uani ulifunguka wenyewe, ukajipiga ukutani. Mwanga ukajaa ndani.

Chiriku alilia. Kilio kibaya, cha hasira, cha mtu aliyeharibiwa usingizi, na hakuna muziki uliowahi kupigwa ukamfurahisha mshonaji namna ile.

Mganga aliinuka haraka. Alikataa maji, akakusanya kigae chake.

"Amekwenda?" mume aliuliza.

"Kumtoa nimemtoa." Alikuwa ameshafika mlangoni. "Alikokwenda, msiniulize."

Wiki ile Chiriku alilala mchana mgongoni mwa shangazi yake au kifuani mwa mama yake, vipande vifupi, na akarudisha maongezi yake yote na kuongeza mengine. Sare nyingine zilichelewa, wateja wakanuna, na mshonaji akawaacha wanune.

Kisha asubuhi moja yeye na wifi walikuwa bombani, Chiriku yuko mgongoni mwa wifi anavuta hereni yake. Mpangaji mpya, msichana aliyekuwa amehamia chumba cha mwisho na kichanga chake, alikuwa anafua nepi pembeni yao, amejaa furaha.

"Dada zangu, mtoto wangu siku hizi ananihurumia kweli," alisema. "Mwanzo mchana alikuwa halali. Sasa namwacha ndani nafua mpaka namaliza." Alimgeukia wifi. "Na wewe shangazi asante. Nilikusikia ndani unambembeleza, nikasema ngoja nisiingie, mwenye mkono wa kulaza watoto ni yeye."

Wifi hakuwa amewahi kukanyaga chumba kile.

Walikimbia. Ndoo ilipinduka, mpangaji akawafuata anauliza nini, nini. Chumba kilikuwa na giza, khanga imetundikwa dirishani. Kichanga kilikuwa chali, mikono ubavuni. Mshonaji alikivuta, kikagoma, akakivuta tena, kikaachia, naye akakitikisa na kukichapa kwenye nyayo mpaka kikafungua mdomo na kulia.

"Mnamfanya nini mwanangu!" Mpangaji alimnyang'anya. Macho yalimtoka. "Mmechanganyikiwa? Unampiga mtoto wa watu amelala!"

"Mdogo wangu, nisikilize," mshonaji alisema. "Mchana usimwache alale sana. Kuna—"

"Tokeni!"

"Nakuomba, msikilize," wifi alisema.

"Tokeni ndani kwangu, wachawi nyie!"

Aliwasukuma nje kwa bega, akafunga, wakasikia komeo. Walibaki pale kizingitini. Kilio cha mtoto kilikuwa kikali, nao walikisikiliza kwa shukrani, kila mmoja ameshika mkono wa mwenzake. Kisha kikapungua. Kikawa kwikwi. Kikanyamaza, na badala yake wakasikia mkono ukipigapiga, taratibu, puu, puu, puu.

"Ni yeye, anambembeleza mwanawe," mshonaji alinong'ona. "Ni mama yake, si ndiyo?"

Khanga ya dirishani ilivutwa kando. Mpangaji alisimama pale, ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili, uso umevimba kwa hasira.

"Bado mpo?" alisema.

Nyuma yake, gizani, mkono uliendelea.